Mwongozo kamili wa kuangalia filamu fupi zilizoteuliwa tuzo, wewe na mwenzako

Kila mwaka Oscar zikikaribia watu wanabishana kuhusu movi kubwa ambazo wengi wetu hatujaziona, na kuziona kwenyewe mpaka zije kuingia kwenye flashi za watu. Lakini tuzo zile zina kona moja ambayo mtu wa Kikwajuni au wa Wete anaweza kuimaliza yote kwa usiku mmoja, yeye na sahibu yake, na asubuhi akawa na haki ya kubisha kikweli. Filamu fupi. Tano tu kwa kila kundi, nyengine dakika saba, nyengine ishirini, na nyingi zinapatikana bure ukijua pa kuangalia.

Mie na shoga yangu tunafanya hivi: tunachukua kundi zima la mwaka mmoja, zote tano, tunaziangalia mfululizo, kila mtu anaandika kura yake kwenye karatasi, halafu ndo tunatafuta nani alishinda. Hatuchukui moja leo moja wiki ijayo. Filamu fupi ikiangaliwa peke yake inapita tu, unasema "nzuri" basi mambo yameisha, lakini ikikaa na wenzake wanne ndo unaanza kujua wewe unapenda nini na kwa nini, na mtu uliyemzoea miaka anaanza kukushangaza. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo, kwa hiyo kama huna nia ya kumaliza zote tano bora uangalie mpira.

Ujue unachotafuta

Kwa Oscar filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40, na yale majina ya mwisho yamo kwenye hesabu. Makundi ni matatu: za kuigiza na watu, za katuni, na dokumentari. Kawaida mwezi wa kumi na mbili hutolewa orodha ya filamu 15 kwa kila kundi, mwezi wa kwanza zinachujwa zinabaki tano, na hizo tano ndo zinaitwa zilizoteuliwa. Ukisikia mtu anasema filamu yake "imeingia Oscar" muulize imeingia wapi, kwenye 15, kwenye tano, au imepelekwa tu, mana hizo ni daraja tofauti kabisa na kuna watu hupenda kuzichanganya makusudi.

Anza na za kuigiza au za katuni. Dokumentari zisubiri, nyingi zinavuta mpaka karibu na zile dakika 40 zao, tano zinakaribia saa tatu, na mada zake nzito nzito, mwenzako ambae ndo anaanza utamkimbiza. Tuzo nyengine pia zipo, BAFTA ya Uingereza ina kundi lake la filamu fupi, tamasha la Cannes kule Ufaransa wana Palme d'Or ya filamu fupi na huko mwisho ni dakika 15, FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, wana Poulain d'or, na hapa kwetu ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, nao wanatoa za kwao. Mie naanzisha watu na Oscar kwa sababu moja tu, orodha yake ya tano inajulikana, kila mwaka iko wazi, hubahatishi.

Kuna sheria yao moja nimeipenda nikaihamishia nyumbani. Kuanzia tuzo za 2026, mwanachama wa Academy, kile chama cha watu wa filamu kinachotoa Oscar, haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye kundi mpaka awe ameangalia filamu zote zilizoteuliwa kwenye kundi hilo. Kabla ya hapo makundi mengi yalikuwa yanaenda kwa kuaminiana tu! Basi na ukumbini kwetu iko hivo hivo: umesinzia filamu ya tatu, huna kura, huna cha kuzungumza, utie chai.

Chukua mwaka wa nyuma, usichukue wa sasa

Za mwaka huu zinasumbua. Nyingi bado zinazunguka kwenye matamasha na masinema, wenyewe hawajaziachia, mtazipata tatu mbili hamzipati, na tano zisipotimia kura haina maana. Za nyuma nyingi zimeshaachiwa. Halafu faida kubwa zaidi, hakuna mtu anayekumbuka nani alishinda filamu fupi miaka saba nane iliyopita, kwa hiyo kura yenu inakuwa safi.

Mie kwa wanaoanza nawapa tano za kuigiza za tuzo za 2018. Sababu ni Watu Wote, ya Katja Benrath, dakika 22, wameizungumza Kiswahili na Kisomali, inatoka kwenye tukio la kweli la Disemba 2015 karibu na Mandera, basi lilivamiwa na al-Shabaab na abiria Waislamu wakakataa kuwatoa wenzao Wakristo. Waliotengeneza walikuwa wanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School. Hebu fikiri, filamu ya Kiswahili iko kwenye tano bora za dunia na mtaani kwangu nikiuliza ni mmoja mmoja anayeijua.

Nne zilizobaki: The Silent Child ya Uingereza, mtoto kiziwi na mwanamke anayekuja kumfundisha lugha ya alama, dakika 20. DeKalb Elementary, mtu na bunduki ameingia ofisi ya skuli huko Marekani na aliyekuwepo mapokezi ni mwanamke mmoja, nayo imetoka kwenye kisa cha kweli. My Nephew Emmett, usiku wa Mississippi mwaka 1955, Emmett Till, kijana mweusi aliyetekwa na kuuawa na wazungu, lakini kisa unakiona kwa macho ya babu mwenye nyumba. Na The Eleven O'Clock ya Australia, hii ya kuchekesha, dakika 13, daktari wa akili anamsubiri mgonjwa ambae ugonjwa wake ni kujiona yeye ndo daktari wa akili. Zote tano ni saa moja na nusu na kidogo. Tatu kati ya hizo, ya Mandera, ya skuli na ya Emmett, ni kazi za wanafunzi, na hilo mwambie mwenzako baada ya kuangalia, usimwambie kabla, mana akijua ni za wanafunzi ataanza kuzihurumia.

Mshindi simwandiki hapa. Mtamtafuta wenyewe mkishapiga kura, na hotuba ya kupokea tuzo ya mwaka ule msiiache, mkiiona mtajua kwa nini nimesema.

Kama mwenzako kiingereza kinampiga chenga, au mnaangalia na bi mkubwa, kuna seti nyengine naipenda pengine kuliko hiyo, zisizo na maneno au zenye maneno kiduchu. Neighbours ya Norman McLaren, Canada 1952, dakika 8, majirani wawili wanagombania ua limeota mpakani. The Sand Castle ya 1977, viumbe vya mchanga vinajenga ngome. Madame Tutli-Putli ya 2007, mwanamke anapanda treni ya usiku na mizigo ya maisha yake yote, ni vikaragosi lakini macho wamewapachika ya watu wa kweli, inatisha kidogo. Hair Love ya 2019, baba anahangaika kumsuka mwanawe. Na In the Shadow of the Cypress ya Iran, baba nahodha wa zamani na binti yake wanakaa ufukweni na nyangumi amekwama mchangani, hii ilishinda 2025. Saa moja na dakika chache zote. Hazitoki mwaka mmoja, kwa hiyo hapa mnashindanisha wenyewe, nyie ndo majaji.

Ile Neighbours niliiweka siku moja babu wa nyumba yetu akawa anapita kwenda msikitini, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaangalia mpaka mwisho, halafu akatoa hukumu: mwenye kosa ni yule aliyeleta uzio, mana ua lisingehama. Kuna kesi ya kiwanja Bububu imemsumbua miaka, nadhani alikuwa anazungumzia hiyo. Angalizo tu, mwisho wake vurugu inafika mpaka kwa familia zao, watoto wadogo wasikae hapo.

Kuzitafuta bila kuibiwa bando

Andika jina la filamu, jina la mtengenezaji na mwaka, vyote vitatu. Jina peke yake halitoshi, ukiandika Neighbours tupu utaletewa tamthilia ya Australia yenye vipindi maelfu.

Ikija, kabla hujabonyeza angalia dakika. Filamu ni ya dakika 22 na video ni dakika 2, hiyo trela. Video ya dakika 9 mtu anaeleza movi kwa sauti ya haraka haraka, hiyo kimbia, atakutolea mwisho wake. Dakika zimelingana lakini picha imegeuzwa kushoto kulia au imewekewa fremu ya rangi, hiyo imeibiwa na sauti yake pengine imeharibiwa makusudi ili isikamatwe. Halafu tazama chaneli ni ya nani. Za kweli huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, na tamasha, na studio au na gazeti. Hair Love iko kwenye chaneli ya YouTube ya Sony Pictures Animation. Zile za Canada, Neighbours, Sand Castle na Madame Tutli-Putli, anza kwenye tovuti ya National Film Board, nfb.ca, serikali yao imeweka hazina yake humo bure na picha safi. The New Yorker na New York Times nao huweka kwenye YouTube zao, The Queen of Basketball kwa mfano, dokumentari ya dakika 22 iliyoshinda 2022, iliwekwa na New York Times. Vimeo, tovuti nyengine ya video, msiisahau, watengenezaji wengi wanaipenda kuliko YouTube na wengine wanaacha kitufe cha kushusha.

Netflix nao wanazo, na ukiwa na mtu mwenye akaunti mwambie azishushe kwenye simu kabla. Ila huko filamu hutoka na kuingia, usipange usiku wa watu kwa kutegemea uliiona mwezi uliopita. Fungua uhakikishe siku ile ile mchana.

Sasa bando. Filamu ya dakika 20 kwa 480p, yaani ubora wa picha wa kati, inakula kama MB 100 mpaka 200 hivi, na 480p kwenye laptopu inatosha kabisa, kwenye TV kubwa ndo utatamani 720p. Kama laini yako ina bando la usiku, zishushe usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kuangalia moja kwa moja mtandaoni na mgeni kakaa pembeni ni kujitafutia aibu tu, kile kiduara kikianza kuzunguka pale mtu na bunduki anapoinuka kwenye kiti, mood yote imekwisha na hairudi. Na wale wa maduka ya kujaza movi kwenye flashi nshawauliza, filamu fupi hawana na wala hawazijui, kwa hiyo huko usipoteze nauli.

Skrini, waya na umeme

Laptopu inatosha kwa watu wawili. Iweke juu ya stuli usawa wa macho, isiwe kitandani mana mtalala, na mkae ubavu kwa ubavu, si mmoja kiti mmoja mkekani.

Ukitaka TV, njia mbili. Ya waya wa HDMI ndo salama, chomeka, badilisha chaneli ya kuingilia kwenye TV, basi. Ya flashi nayo inafanya kazi ila faili liwe MP4, na sabtaito, yale maandishi ya chini ya picha, liwe faili la .srt lenye jina lile lile la filamu herufi kwa herufi na likae folda moja nayo, vyenginevyo TV haitaliona. Ile ya kurusha picha kutoka simu bila waya mie siipendi, inakwama kwama.

Sauti ndo mahali wengi wanapoharibu. Filamu fupi zina ukimya mwingi, mtu anahema, mlango unafungwa, na hivyo ndo kisa chenyewe. Spika ya bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti, mdomo unafunguka neno linakuja baadae, kwa hiyo tumia waya ule wa aux. Feni izime au ipunguze. Na kama ni masika na nyumba ya bati, mvua ikianza hapo hata spika ya harusi haitasaidia, tafuteni kile kidude cha kugawa cha elfu chache kinachochomekwa earphone mbili kwa pamoja, mie ninacho na kimeniokoa na mvua na kimeniokoa na harusi za jirani.

Umeme: angalia uniti za Tukuza kabla ya Magharibi, sio filamu ya nne. Laptopu iwe imejaa chaji na filamu zote ziwe ndani yake hata kama mnaangalia kwenye TV, umeme ukikatika mnahamia pale pale mnaendelea.

Sabtaito

Kama wote mnasoma kiingereza, washeni sabtaito hata kwa filamu ya kiingereza, lafudhi ya Mississippi sio mchezo. Kama mwenzako hasomi vizuri, YouTube kwenye kompyuta ina njia: bonyeza kile kigurudumu cha mipangilio, ingia kwenye sabtaito, chagua tafsiri ya moja kwa moja, tafuta Kiswahili. Kiswahili chake kinachekesha saa nyengine lakini kisa unakipata.

Usimtafsirie mtu sentensi kwa sentensi mdomoni. Najua tumekulia kwenye movi za ma-DJ wa kutafsiri na zina raha yake, lakini hapa utaua ule ukimya niliousema. Bora kabla ya kubonyeza umpe sentensi moja tu ya kumweka kwenye kisa, nani, yuko wapi, anataka nini. The Eleven O'Clock hasa inataka hivo, utani wake wote ni wa maneno ya haraka, asipojua mwanzo kwamba mmoja wao ni mgonjwa atabaki anakuangalia wewe unavyocheka.

Upange mpangilio

Usiziache zije kwa bahati. Nzito zisije zote mfululizo bila kupumua, ya kuchekesha ikae katikati, na ya mwisho iwe ile isiyochosha macho kusoma. Kwa seti ya 2018 mie naweka hivi: Silent Child, halafu DeKalb, halafu The Eleven O'Clock watu wacheke, halafu Emmett, na kufunga Watu Wote, mana saa hiyo macho yameshachoka sabtaito na ghafla unasikia lugha yako, unakaa sawa.

Ziangalie wewe peke yako dakika moja moja mwanzoni siku ya kupanga, sio kuona kisa, ni kujua kama sauti ipo na kama faili halijakatika. Na kama mnaangalia ukumbini ambapo wazee wanapita, soma kwanza filamu inahusu nini na imewekewa umri gani. Seti zote mbili nilizozitaja mie nimeziweka ukumbini bila kukimbilia rimoti.

Saa na chakula

Baada ya Isha. Anza saa 2 usiku, ukiweka na mapumziko mnamaliza saa 4 na nusu, mgeni anarudi kwao bado daladala au bodaboda hazijaadimika. Ukianza kabla ya Magharibi utakatishwa mara mbili.

Chakula kiwe cha kula bila kuangalia. Urojo uleni kabla, urojo unataka mikono miwili na macho yote na kuna mtu atajimwagia tu. Wakati wa filamu: ubuyu, kashata, njugu, visheti, kahawa kwenye vikombe vidogo. Bisi zina kelele kwa filamu za namna hii, samahani. Chai ya maziwa na mkate wa ufuta viwekeni baada ya filamu ya tatu, hapo ndo mapumziko, dakika kumi na tano, mtu aende msalani, aangalie simu yake, amalize, mana baada ya hapo simu zote zinarudi juu ya kabati.

Kuangalia na kupiga kura

Hakuna kusimamisha. Filamu ya dakika 13 ukiisimamisha mara moja umeikata theluthi. Mtu kapigiwa simu, akirudi ataikuta ilipofika. Na majina ya mwisho msiyakate, kuna filamu zinaweka picha au maandishi ya tukio la kweli baada ya kisa kwisha, ukiwahi kubonyeza umekosa.

Ikimalizika, kimya kidogo. Kila mtu aandike kwenye karatasi yake sentensi moja, kitu kimoja alichokiona, ndo mtu aruhusiwe kuongea. Hii ndo hatua muhimu kuliko zote na ndo watu wanairuka, mana mmoja akisema "khaa, imenichosha" mwenzake tayari ameshainama upande huo bila kujijua. Tulipomaliza Watu Wote karatasi yangu mie ilikuwa imejaa wale wenye bunduki. Ya shoga yangu ilikuwa na neno moja, mtandio. Alikuwa anaangalia namna mtandio unavyohama kwa abiria mmoja kwenda kwa mwengine, haraka haraka, bila mtu kuuliza wewe dini gani, na akaniambia mwanamke yule aliyeutoa hakufikiri hata kidogo, mkono wake ulitangulia. Sikuwa nimeuona mkono. Tulirudisha nyuma tukaangalia tena.

Kura yenyewe usifanye ya maksi kumi kumi, kila mtu atatoa saba na nusu kwa kila kitu mbaki pale pale. Andika jina moja la kwanza na jina moja la mwisho. Fungueni karatasi kwa pamoja. Zikitofautiana, na zitatofautiana, kila mtu anatetea ya kwanza yake kwa kutaja kipande anachokikumbuka, sio kwa kusema "inagusa". Inagusa wapi? Dakika gani? Halafu ya mwisho nayo itetewe na yule ambae hakuiweka mwisho. Mnaruhusiwa kubadilisha kura mara moja baada ya mabishano, kwa sharti useme ni maneno gani ya mwenzako yaliyokubadilisha. Shoga yangu hajawahi kubadilisha, ana kichwa kigumu, lakini mie amenibadilisha.

Sasa ndo tafuteni mshindi. Msifanye mshindi wa Academy ndo jibu sahihi, wale ni wapiga kura tu kama nyie. Mkitofautiana nao wote wawili ndo mazungumzo yanakuwa matamu.

Mwenzako akiwa Pemba

Inawezekana bila tabu. Kila mtu ashushe zake mapema, mpigiane WhatsApp ya sauti, "Bismillahi, moja, mbili, tatu," mnabonyeza pamoja kisha mnanyamazisha maiki. Usimrushie skrini yako, mtandao wake ukiyumba anaona ukungu tu. Karatasi za kura mnazipiga picha mnatumiana kwa wakati mmoja, asije mtu akasubiri ya mwenzake.

Ukishakolea

Nenda ZIFF ukaangalie na watu. Tamasha lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 90, kitovu chake Ngome Kongwe pale Forodhani, na tuzo yao kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Filamu fupi huonyeshwa kwa kukusanywa kadhaa pamoja, kwa hiyo ile mazoea ya kura mnayo tayari, nendeni na karatasi. Chukua kikoi cha kukalia, ngazi za mawe zile baada ya filamu mbili utazijua. Mtengenezaji akiwepo muulize swali kuhusu kipande, sio "ulipata wapi wazo", hilo ameulizwa kila nchi.

Na kwa anaetaka kukesha na Oscar zenyewe: siku hizi zinaanza saa 10 jioni ya Los Angeles, kwetu ni saa 8 au saa 9 ya usiku kutegemea wenzetu wameshasogeza saa zao au bado. Mwaka 2025 na 2026 sherehe zimeangukia ndani ya Ramadhani. Tuzo za filamu fupi hazitolewi zote kwa pamoja, zimetawanywa katikati ya nyengine, kwa hiyo ukikesha utakesha hasa. Mie nalala, naamka daku, naweka uji jikoni, natafuta klipu tatu tu zinazonihusu, na ujumbe wa kwanza namtumia shoga yangu saa 10 na nusu kumwambia alikosea.